UZI: "Walipiga hewani", "walilenga miguu", "bunduki zimezeeka". Hebu tuangalie risasi yenyewe

Kila baada ya maandamano hapa Kisumu nasikia sentensi tatu zilezile redioni. Msemaji wa upande mmoja: askari walipiga hewani. Mwingine: walilenga miguu. Wiki ikiisha anakuja wa tatu, huyu ni wa bajeti: bunduki za polisi zimezeeka, tununue mpya. Halafu mjadala unageuka kuwa kabila na chama, na hakuna aliyeuliza bunduki yenyewe inafanyaje kazi.

Mimi si askari. Ila mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi wa silaha jeshini mpaka akastaafu. Sasa analima mpunga Ahero. Kazi yake haikuwa kupiga risasi, ilikuwa kupima vyuma. Mengi ya humu yalianza kwa maswali niliyomuuliza tukiwa tumekaa chini ya mwembe wake, mengine nimeyasoma mwenyewe. Sitataja mwanasiasa wala chama. Ukitaka kutukana mtu, uzi wa jirani uko wazi.

Tuanze na kitu kidogo. Watu wakisema "risasi" huwa wanachanganya vitu vinne. Kuna ganda, ile shaba ndefu unayoiokota barabarani. Ndani yake kuna baruti. Kwenye kitako cha ganda kuna kiwashio, kidude kidogo cha duara ambacho pini ya bunduki hukigonga. Na mbele kuna kichwa, ndicho kinachoruka na kuua. Ganda halitoki mbele. Ganda hutemwa kando ya bunduki, likabaki pale askari aliposimama. Kumbuka hilo, tutarudi kwake.

Pini ikigonga, baruti inawaka na kuwa gesi ndani ya chemba, yaani kile kishimo nyuma ya mtutu ambamo risasi hulala. Gesi haina pa kwenda ila kusukuma kichwa. Hapo ndipo kuna presha. Gurudumu la gari lako lina kama bari 2.3. Risasi ya 7.62×51, ile ya bunduki ya G3 ambayo polisi wa Kenya wamebeba kwa miaka mingi, kiwango chake cha NATO kinafika megapaskali 415. Hiyo ni bari 4,150. Gawanya mwenyewe. Ni kama mara 1,800 ya gurudumu, na yote inatokea ndani ya sehemu moja hivi ya elfu ya sekunde.

Nilimwambia mjomba sielewi megapaskali. Akaniambia, "Okewa, chukua matatu ya abiria kumi na wanne, ijaze watu, halafu isimamishe juu ya kitako cha ganda moja." Nilienda kupiga hesabu baadaye nikidhani ananitania. Kumbe ni kweli: eneo la ndani la kitako ukizidisha na presha unapata nguvu ya karibu tani tatu. Kila risasi moja, tani tatu zinasukuma komeo, kile chuma kinachofunga nyuma ya chemba. Risasi elfu moja, mara elfu moja.

Kwa hiyo bunduki haizeeki kwa miaka. Inazeeka kwa risasi. Bunduki ya 1975 iliyokaa stoo imepakwa mafuta inaweza kuwa nzima kuliko ya miaka mitano iliyopigwa kila wiki kwenye uwanja wa mazoezi. Mtu wa boda anajua hili bila kufundishwa: haulizi pikipiki ni ya mwaka gani tu, anauliza imetembea kilomita ngapi na ilikuwa ikibeba watu wangapi.

Sasa hapa G3 ina jambo lake, na wanaosema "bunduki ni bunduki" wanifuate polepole. G3 iliingia jeshi la Ujerumani 1959. Haina kufuli kamili kama AK. Komeo lake lina rola mbili ndogo za chuma, moja kila upande, ambazo hutanuka na kujibana kwenye mifereji ya kipande kilichoshika mtutu. Risasi ikilipuka, rola hazizuii komeo kabisa, zinalichelewesha tu, mpaka kichwa kiwe kimetoka na presha imeshuka. Ndipo komeo linarudi nyuma na kutema ganda. Kwa vile ganda linaanza kuvutwa presha ikiwa bado juu, chemba ya G3 imechongwa mifereji midogo ya urefu ili gesi ipite kati ya ganda na ukuta, lisigande. Ndiyo maana ganda lililopigwa na G3 hutoka na mistari myeusi ubavuni. Mkiona picha ya ganda lenye mistari ya namna hiyo baada ya vurugu, hata mtoto anaweza kukwambia aina ya bunduki iliyolipiga.

Rola hizo zinaliwa. Fundi hupima kwa geji, vile vibati vyembamba kama vya fundi wa magari anayepima plagi. Anaingiza kati ya kichwa cha komeo na mwili wake. Nafasi inatakiwa iwe kati ya milimita 0.1 na 0.5. Ikipungua chini ya hapo, rola zimechakaa, komeo linafunguka mapema kuliko inavyotakiwa, na zile tani tatu zinarudi nyuma kwa kasi. Dawa yake ni kuweka rola nene kidogo, na ukifika mwisho wa ukubwa wa rola, unabadilisha vyuma vikubwa zaidi. Kazi ya dakika chache. Mjomba bado ana geji yake, ameihifadhi ndani ya mkebe wa Kimbo. Hana bunduki ya kupimia, ila hawezi kuitupa.

Mtutu nao una maisha yake. Ndani umechongwa mistari inayozunguka, ndiyo inayokizungusha kichwa ili kiende sawa kama mpira uliopigwa vizuri. Gesi ya moto inakula mistari hiyo ikianzia karibu na chemba. Maisha ya mtutu huhesabiwa kwa maelfu ya risasi, na ukipiga mfululizo bila kuuacha upoe, maelfu hayo yanapungua haraka. Mtutu ulioliwa sana haushiki kichwa, na kichwa kinaweza kuruka kimelala ubavu. Kwenye karatasi ya shabaha unaona tundu refu kama la ufunguo badala ya duara.

Ndiyo sababu ile sentensi ya "walilenga miguu" inanikera hata kabla sijauliza kama ni kweli. G3 nzima, ikiwa imelazwa juu ya gunia la mchanga, na mpigaji hodari ametulia, mita 100, itaweka risasi zake ndani ya upana wa sahani ya chakula. Hiyo ndiyo siku nzuri. Mguu wa mtu anayekimbia ni mwembamba kuliko sahani. Sasa mwondolee gunia, mpe askari aliyekimbia kutoka Kondele hadi Manyatta akiwa amevuta moshi wa vitoa machozi, moyo unadunda, halafu mpe bunduki ambayo rola na mtutu wake havijapimwa. Analenga mguu. Itafika wapi? Tumbo, mtu wa pili, ama ukuta wa mabati ambao kwa risasi hii ni kama gazeti. Nyalenda nyumba ngapi ni za mabati?

Na hata ikigonga mguu. Kichwa cha 7.62 kina gramu kama 9.5 na kinatoka kwa mita 830 hivi kwa sekunde. Nguvu yake ni kama jouli 3,300. Bastola ya 9mm ina kama 500. Pajani kuna mshipa mkubwa wa damu, ukikatika mtu anaweza kuisha kabla ya kufikishwa Russia. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011, Jedwali la Sita, haina mahali inaposema risasi ya mguu ni adhabu nyepesi. Inasema silaha ni pale njia nyingine zimeshindwa, kama kuokoa maisha. Kwa sheria, ukipiga mguu umetumia silaha ya kuua, basi.

"Hewani" je? Hii watu wengi wanaiona kama huruma. Kinachopanda lazima kishuke. Majaribio ya Wamarekani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia yalionyesha kichwa cha bunduki ya ukubwa karibu na huu, kikipigwa wima kabisa, kinarudi chini kwa kama mita 90 kwa sekunde. Inatosha kuvunja fuvu. Na hakuna anayepiga wima kabisa. Mtu anainua mtutu kimshazari, na hapo kichwa hakipotezi kasi yake vile, kinapaa na kwenda zaidi ya kilomita 3. Ukipiga kimshazari Kondele unaweza kumpata mama anayepanga nguo za mitumba Kibuye na zaidi ya hapo, mtu ambaye hata hajui kuna maandamano. Agosti 2017 kule Mathare, Nairobi, mtoto wa miaka 9 aliuawa kwa risasi akiwa amesimama kwenye roshani. Roshani iko hewani.

Mtu ataniuliza, si watumie risasi za mpira kwenye bunduki hizohizo? Haiendi hivyo. Bunduki kama G3 inajipakia yenyewe kwa nguvu ya risasi yake. Ukiweka kitu chepesi chenye presha ndogo, komeo halisogei vya kutosha. Risasi za mpira zina vyombo vyake, na zenyewe pia huua zikipigwa karibu. Risasi baridi, zile za mazoezi zisizo na kichwa, zinahitaji kifaa cha kuziba mdomo wa mtutu ndipo bunduki ijipakie. Na ganda lake linajulikana: mdomo umekunjwa kama nyota badala ya kuwa wazi. Kwa hiyo msemaji akisema zilikuwa risasi baridi na mtaani kumejaa maganda yenye mdomo wa duara, hilo si suala la maoni.

Haya, tuje kwa yule wa bajeti. Bunduki mpya. Hapa nawaomba wote, wa serikali na wa upinzani, mnisikilize, kwa sababu nadhani wote wanaanzia mwisho.

Anayejua silaha huchagua risasi kwanza. Bunduki hufuata. Risasi ndiyo inayoamua presha, presha ndiyo inayoamua komeo, springi na mtutu vitadumu kiasi gani. Wamarekani walijifunza kwa damu yao. Bunduki yao ya M16 ilitengenezwa kwa aina fulani ya baruti. Ilipofika Vietnam katikati ya miaka ya 1960, jeshi lilikuwa limebadilisha baruti bila kubadilisha bunduki. Kasi ya kupiga ikapanda, masizi yakaongezeka, chemba haikuwa na kromu, na askari hawakupewa vifaa vya kutosha vya kusafishia. Maganda yakawa yanakwama vitani. Vijana walikutwa wamekufa na bunduki zimefunguliwa kando yao. 1967 kamati ya Bunge lao ilichunguza na kuwalaumu wakubwa. Suluhisho lilikuwa kromu kwenye chemba, kizuizi kipya cha komeo na vifaa vya kusafishia. Vitu vidogo. Ni baruti tu iliyobadilishwa.

Hawajaacha kusumbuka na jambo hilohilo. 2010 walileta M855A1, risasi ya 5.56 yenye ncha ya chuma wazi na presha ya juu kuliko ile waliyoiacha. Inatoboa vizuri, lakini vyuma vililika upesi zaidi, na ile ncha ikawa inakwaruza njia ya kuingilia chemba mpaka wakatengeneza magazini mpya. 2022 wakachagua bunduki ya 6.8 yenye presha ya karibu megapaskali 550. Ganda la shaba tupu lisingevumilia, ikabidi kitako kiwe cha chuma cha pua. Kila ukitaka risasi iende mbali na kwa nguvu zaidi, kuna chuma mahali kitakulipisha.

Kwetu sisi swali hili si la mbali. Kiwanda cha risasi kipo Eldoret, Kenya Ordnance Factories Corporation, kilianza miaka ya 1990 kwa mashine na ujuzi wa kampuni ya FN ya Ubelgiji. Aprili 2021 kikazinduliwa kiwanda cha bunduki Ruiru chenye uwezo wa bunduki 12,000 kwa mwaka. Mijadala yote niliyoisikia kuhusu Ruiru ilikuwa ajira na bei. Sawa, ajira ni muhimu. Lakini sikusikia mtu akiuliza: polisi wakihama kutoka 7.62 ya G3 kwenda 5.56, mtutu umechongwa kwa kichwa cha uzito gani? Hili si swali la kujionyesha. Mitutu ya zamani ya 5.56 ilizungusha kichwa polepole, mara moja kwa kila inchi 12. Kichwa kizito zaidi cha NATO, cha 1980, kinataka mtutu unaozungusha haraka, mara moja kwa inchi 7. Ukiweka kichwa kizito kwenye mtutu wa zamani kinayumba hewani na kwenda kinakotaka. Risasi nzuri, bunduki nzuri, ndoa mbaya.

Na kuna stoo. Baruti ikipashwa joto huwaka kwa presha kubwa zaidi. Sanduku la risasi likiwekwa kwenye kontena la chuma juani, halafu likapigwa mchana, vyuma vinapata kazi kuliko vilivyoandikiwa. Hapa kwetu kando ya ziwa tatizo ni unyevu: kutu kwenye chemba, ganda linakwama. Mvuvi wa Dunga anafuta injini yake na mafuta kila jioni kwa sababu hiyohiyo.

Sasa turudi kwa lile ganda. Kwenye kitako cha ganda huwa pameandikwa alama za kiwanda na mara nyingi mwaka. La Eldoret lina herufi KOFC. Alama hizo zimewahi kusema mengi: mwaka 2008 watafiti wa Small Arms Survey walikusanya risasi zilizokuwa mikononi mwa raia Turkana Kaskazini, wakakuta karibu nusu zilitoka kwenye akiba za Kenya yenyewe. Alama haisemi nani alipiga. Lakini pini huacha kovu kwenye kiwashio, na ndoana inayovuta ganda huacha kovu ukingoni, na makovu hayo mtaalamu anaweza kuyalinganisha na bunduki fulani, bora bunduki iletwe.

Na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini mjomba anajali sana daftari. Kila bunduki inatakiwa iwe na daftari lake: namba, nani aliichukua siku gani, imepiga risasi ngapi, geji ilisoma ngapi, komeo lilibadilishwa lini. Mimi nilidhani ni karatasi za ofisi tu. Akaniambia, "Ukibadilisha komeo leo, yale makovu ya jana hayatapatikana tena kwenye hiyo bunduki." Pini mpya, kovu jipya. Mtutu mpya, mistari mipya kwenye kichwa kilichotolewa mwilini. Bila daftari, huwezi kujua kama lilibadilishwa kwa sababu limechakaa au kwa sababu kuna mtu amekufa. Lile daftari linalomwambia fundi bunduki hii haipigi sawa tena ndilo linalomwambia hakimu bunduki hii iliguswa tarehe fulani.

Mji huu una kesi za kutosha za kupima hilo. Oktoba 25, 1969, siku ya kufunguliwa hospitali ya Russia, watu waliuawa kwa risasi na mpaka leo wazee wanabishana idadi. Vurugu za 2007 na 2008, tume ya uchunguzi ilihesabu waliokufa nchini 1,133, na kati yao 405 walikufa kwa risasi. Mia nne na tano. Bunduki ngapi kati ya zilizopiga ziliwahi kulinganishwa na ganda?

Kwa hiyo mtu akija kwenye maoni ya umma kuhusu bajeti akasema anataka bunduki mpya, usimpinge wala usimpigie makofi kwanza. Muulize risasi gani, presha yake ngapi, mtutu utabadilishwa baada ya risasi ngapi, mafundi wa silaha ni wangapi kwa kila kaunti na nani anakagua madaftari yao. Na yule wa upinzani anayesema polisi wanyang'anywe bunduki zote, muulize maswali hayohayo kuhusu zile zitakazobaki, maana zitabaki. Wezi wa mifugo mpakani hawaji na fimbo.

Wengi mmeniuliza inbox mkikuta ganda mfanye nini. Usiliokote. Usilitie mfukoni ukalionyeshe watu baa, funguo zako zitalikwaruza na kuharibu makovu yale. Piga picha kutoka mbali ionyeshe barabara na majengo, kisha karibu, weka kitu kando kama sarafu ya shilingi kumi kuonyesha ukubwa, andika saa. Halafu mpigie wakili au IPOA. Kama mvua inakuja, lifunike na karai.